Maswali Yenu: Kasi Pekee Haimfanyi Mtu Mpokeaji wa NFL

Barua nyingi za mwezi huu zimeuliza kuhusu futiboli ya Marekani na ligi yake kuu, NFL, hasa nafasi ya mpokeaji wa pembeni, yule anayechomoka kwenda mbele na kudaka mpira anaorushiwa na kwotabeki. Kwa ambaye mchezo huu ni mgeni kwake: kila upande una wachezaji 11, wenye mpira wana majaribio manne ya kusogea yadi 10, na yadi moja ni sentimita 91. Wakizifikisha wanapewa manne mengine. Wakishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Mpira ukivuka mstari wa mwisho mikononi mwao, wanapata pointi sita. Barua tumezifupisha.

Mimi ni winga wa raga, nina miaka 22, na mita 100 nazikimbia kwa sekunde 10.8. Wenzangu wananiambia NFL inatafuta watu kama mimi. Kasi hii inatosha? – Winga, Lang'ata

Ndugu yetu, kasi hiyo inakuwezesha kubisha hodi. Kufunguliwa ni habari nyingine.

Kwanza, NFL hawapimi mita 100. Wanapima yadi 40, ambazo ni mita 36.58, kwenye majaribio ya Combine yanayofanyika Indianapolis kila mwaka kabla ya drafti, siku ambazo timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu. Wapokeaji wengi hukimbia kati ya sekunde 4.4 na 4.6. Ukijipima, kumbuka saa ya mkononi humpendelea mkimbiaji kwa takriban sekunde 0.2, kwa sababu anayeibonyeza huchelewa kuianzisha.

Sasa tazama drafti ya mwaka 2017. John Ross alikimbia 4.22, rekodi ya wakati huo (Xavier Worthy aliivunja mwaka 2024 kwa 4.21), akachaguliwa wa 9. Cooper Kupp alikimbia 4.62, akasubiri hadi nafasi ya 69. Ross hakufikisha yadi 1,000 katika msimu wowote. Kupp, mwaka 2021, aliongoza ligi nzima kwa mipira aliyodaka (145), kwa yadi (1,947) na kwa mipira ya pointi sita (16).

Sababu iko kwenye saa ya kwotabeki. Mara nyingi ana chini ya sekunde tatu kabla ya kukabwa, na mipira mingi huiachia kabla mpokeaji hajageuka. Harushi kwa mtu, anarusha mahali. Mpokeaji akifika hatua mbili kabla ya wakati, au akakata kwenye yadi ya 11 badala ya ya 10, mpira unaangukia kwa beki. Ndiyo maana tunasema kazi hii ni ya kufika mahali mlipokubaliana, kwa wakati mliokubaliana, huku mtu mwenye nguvu anakuzuia. Kasi husaidia pale tu hayo mawili yakishakuwepo.

Kutoka raga unakuja na mambo ya maana: kubadilisha mwelekeo katika nafasi ndogo, kumsukuma mkabaji kwa mkono, kudaka mpira wa juu watu wakikujia, na kukaba. Lakini kuna mazoea manne itabidi uyaache. Winga wa raga hukimbia kwa kukata uwanja akitafuta upenyo. Huku ukifanya hivyo unaharibu muda wa kwotabeki. Winga hupokea pasi inayotoka ubavuni. Huku mpira mwingi unakuja kutoka nyuma, juu ya bega, na macho yanapaswa kuupata ukiwa bado unakimbia kwa kasi yote. Winga akikabwa hutafuta mwenzake wa kumwachia mpira. Huku pasi ya nyuma ikianguka chini mpira unakuwa wa yeyote, na kocha hatakusamehe. La nne ni kuepuka kumzuia beki ili mwenzako apite. Kwenye raga kumzuia ni kosa, huku ni wajibu wako wa kila siku.

Wapo waliokutangulia. Daniel Adongo, Mkenya mwenzetu, alitoka raga moja kwa moja hadi Indianapolis Colts mwaka 2013, lakini wakamweka linibeka, yaani mkabaji wa upande wa ulinzi, si mpokeaji. Louis Rees-Zammit, winga wa Wales mwenye kasi ya ajabu, aliacha raga Januari 2024, akapita Kansas City Chiefs na Jacksonville Jaguars, na mwaka 2025 akarudi raga bila kucheza mechi hata moja ya msimu wa NFL. Jordan Mailata wa Australia alifanikiwa sana na Philadelphia Eagles, ila yeye ni jitu la mstari wa mbele, kazi yake ni kumlinda kwotabeki. Mpokeaji ni miongoni mwa nafasi ngumu zaidi kujifunza ukubwani, kwa sababu mabeki unaoshindana nao wameufanya mchezo huu tangu utotoni.

Kwa hiyo jibu letu ni hili: jaribu, lakini ujitangaze kama mrudishaji wa mipira ya teke na mkabaji wa vikosi maalumu, vile vinavyoingia wakati wa mateke, na upokeaji ujifunze ukiwa ndani. Tangu sheria ya mpira wa kuanzia ibadilishwe mwaka 2024, mipira inayorudishwa imeongezeka, na hapo ndipo winga wa raga ana jambo la kuonyesha wiki ya kwanza.

Tuko watu watatu na mpira mmoja pale Kayole. Hatuna kocha. Tufanye nini ili mazoezi yetu yawe na maana? – Kidato cha nne, Kayole

Vijana wetu, watatu wanatosha: mmoja arushe, mmoja akimbie, mmoja awe beki. Nunueni kamba ya mita 20 na kuifunga fundo kila baada ya mita 4.57. Kila fundo ni yadi 5. Ilazeni kando ya njia ya mkimbiaji, na mtaacha kubishana kama mkato ulikuwa kwenye yadi ya 8 au ya 10.

Makocha wengi hupanga njia za mpokeaji kwa namba kutoka 0 hadi 9. Kwa kawaida namba shufwa huingia kati ya uwanja na namba witiri hutoka kuelekea pembeni. Ya 2 ni mshazari mfupi wa kuingia ndani. Ya 4 ni kwenda yadi 12 na kurudi hadi 10. Ya 5 ni yadi 10 na kukata nje. Ya 6 inaingia ndani kati ya yadi 12 na 15. Ya 7 inaelekea kona, ya 8 inaelekea nguzo za goli, na ya 9 ni moja kwa moja bila kukata. Msizianze zote. Chukueni ya 2, ya 5 na ya 9 kwa miezi miwili, kwa sababu zinatazamana: beki anayeogopa ya 9 hurudi nyuma na kukuachia ya 5, na anayeisubiri ya 5 anapitwa kwa ya 9. Ili hilo litokee, yadi nne za mwanzo za njia zote tatu ni lazima zifanane kabisa, kasi ileile, mabega yaleyale.

Tuieleze ya 2 kwa undani, maana hapo ndipo miguu hufunzwa. Simama mguu wa upande wa ndani ukiwa mbele, na sehemu kubwa ya uzito uwe kwenye mguu huo, kifua juu ya goti. Mpira ukiondoka, sukuma kwa mguu wa mbele. Kosa la karibu kila anayeanza ni kuurudisha kwanza mguu nyuma kidogo ndipo aondoke. Hapo amepoteza muda ambao hataupata tena. Weka kijiwe nyuma ya kisigino cha nyuma, ukikigusa ujue umerudi. Kisha hesabu: mguu wa nje, wa ndani, wa nje. Hatua ya tatu, ya mguu wa nje, ndiyo ya mkato. Ikanyage chini ya nyonga yako, si mbele yako. Ukiikanyaga mbele, mwili unabaki nyuma, unateleza, na goti linabeba mzigo usio wake. Kata kwa nyuzi 45, geuza kichwa kwanza halafu mabega, na mikono iwe tayari, kwa sababu mpira wa njia hii unafika mara moja.

Kwa njia ndefu kama ya 5, mkato unahitaji kupunguza mwendo kwa hatua mbili au tatu tu. Shusha nyonga, mabega yabaki juu ya magoti, mikono iendelee kupiga kama ya mtu anayekimbia. Anayesimama wima kabla ya kukata amemwambia beki kila kitu. Anayetazama chini pia.

Beki wenu asimame yadi moja mbele ya mpokeaji mara kwa mara na kumsukuma kifuani. NFL inaruhusu beki kumgusa mpokeaji ndani ya yadi 5 za mwanzo. Baada ya hapo ni kosa. Mpokeaji ajifunze kupiga mikono ile kwa kiganja kutoka nje kwenda ndani huku mguu unapita, na akishampita arudi mara moja kwenye njia yake mbele ya beki, ili beki abaki mgongoni na asiufikie mpira.

Mizunguko 20 hadi 25 ya kasi kamili kwa siku inatosha, mkipumzika angalau sekunde 40 kati ya mmoja na mwingine. Hamsini ya uchovu inafundisha miguu mizembe.

Nafundisha wasichana futiboli ya vibendera (ile ya kung'oa kibendera kiunoni badala ya kukaba) Buruburu. Wanakimbia vizuri lakini mipira inawaponyoka. Tatizo ni glavu? – Mwalimu, Buruburu

Mwalimu, mara nyingi tatizo ni macho, likifuatiwa na vidole. Glavu ni za mwisho.

Mpira ukija juu ya kifua, vidole gumba viwili vigusane na vidole vya shahada visogeleane, pabaki dirisha dogo la pembetatu. Ncha ya mpira iingie dirishani. Ukija chini ya kiuno, geuza: vidole vidogo ndivyo viguse. Ukija juu ya bega kutoka nyuma, vidole vidogo pia, viganja vikitazama juu. Viwiko vikunjwe kidogo ili mikono ipokee mpira kwa kurudi nao. Mikono iliyonyooka inaurudisha. Msichana anayeusubiri mpira kifuani atadaka wa polepole, wa kasi utamdunda.

Kuhusu macho: andika namba kubwa kwa kalamu ya wino mzito kwenye pande nne za mpira. Simama mita tano, rusha, na mdakaji aitaje namba anayoiona wakati vidole vinaufunga. Mipira 10 juu, 10 kifuani, 10 chini, 10 kila upande. Utagundua wengi hutoa macho kwenye mpira nusu mita kabla haujafika, kwa sababu wanataka kuona beki yuko wapi. Namba inawalazimisha kubaki. Halafu namba isiishie kwenye kudaka: waifuate kwa macho mpaka mpira umewekwa kwapani, kidole kikiwa kimefunika ncha ya mbele, ncha ya nyuma imebanwa kwenye kiwiko, na mpira umekaa kwenye mbavu. Siku ambazo hamna mrushaji, mpira wa tenisi na ukuta vinafaa sana. Mkono mmoja, mita tatu, kulia na kushoto.

Glavu za wapokeaji zina silikoni kwenye viganja, na adui yake ni vumbi. Kwenye viwanja vyetu vya murram zinapoteza mnato baada ya dakika chache. Zifute kwa kitambaa kibichi kila mapumziko. Usizifue kwa maji moto, usizianike juani, zikunje viganja vikitazamana. Na angalia upepo wa mpira: NFL hutumia psi 12.5 hadi 13.5, uzito wa gramu 397 hadi 425, urefu wa sentimita 28 hivi. Mpira wa ukubwa huo mikononi mwa msichana wa miaka 13 ni mateso. Mtafutie wa vijana.

Jambo moja kwa faida yenu: Nairobi iko mita 1,795 hivi juu ya usawa wa bahari, juu zaidi ya Denver ambako wapiga teke wa NFL hupenda kucheza kwa sababu hewa nyepesi huupeleka mpira mbali. Timu yenu ikisafiri kwenda Mombasa, pasi ndefu zitaangukia fupi kidogo. Mrushaji azoee kabla ya mechi.

Na endeleeni. Futiboli ya vibendera, wachezaji watano kwa watano, imo kwenye Olimpiki ya Los Angeles 2028 kwa wanawake na wanaume. Uwanja wake ni yadi 70 kwa 25 tu, hakuna kusukumana wala kuzuiana, kwa hiyo kila kitu kinabaki kwenye mkato na mikono, vitu viwili ambavyo havihitaji mwili mkubwa.

Mwanangu ana miaka 17. Kuna bwana anataka Sh150,000 za "usajili" ili ampeleke kwenye majaribio ya NFL huko Marekani. Nimpe? – Mama, Donholm

Mama, usimpe. Wakala wa NFL huidhinishwa na chama cha wachezaji, NFLPA, na malipo yake hayawezi kuzidi asilimia 3 ya mshahara, tena anapokea mchezaji akishalipwa. Anayetaka pesa mbele si wakala. Zaidi ya hayo, hakuna mtu wa miaka 17 anayeweza kujaribiwa na timu ya NFL: sheria inataka miaka mitatu iwe imepita tangu darasa lake limalize sekondari.

Njia zenyewe ni tatu. Ya kwanza ni NFL Academy, shule ya ligi iliyoanza Uingereza mwaka 2019 na sasa iko Loughborough, kwa vijana wa miaka 16 hadi 19 wanaosoma huku wakicheza. Ya pili ni chuo kikuu cha Marekani kwa ufadhili, njia ambayo wanariadha wetu wanaijua vizuri. Ya tatu ni mpango wa kimataifa wa ligi, ulioanza 2017, kwa watu wazima waliotoka michezo mingine. Wanaochaguliwa hufunzwa Florida kwa wiki kama kumi kabla ya kuonyeshwa kwa timu. NFL ilianza kambi zake za Afrika Accra mwaka 2022, na 2023 ikaja hapa Nairobi. Kambi hizo ni za mwaliko baada ya vipimo.

Kwa mwanao, njia ya chuo ndiyo ya kuishikilia, na inaanzia darasani. Ngazi ya juu ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, inataka masomo 16 ya msingi ya sekondari na wastani usiopungua 2.3 kwa hesabu yao, na cheti cha KCSE ndicho watakachokiangalia. Asikae nyumbani miaka baada ya shule akicheza ligi za mitaani, maana muda huo unaweza kukatwa kwenye misimu anayoruhusiwa kucheza chuoni. Ada ya kutathminiwa ipo, lakini hulipwa kwa NCAA yenyewe kupitia tovuti yake, si mkononi mwa mtu. Atengeneze video ya dakika tatu hadi nne: michezo 15 hadi 20, mizuri kabisa ikiwa mwanzoni, alama ya kuonyesha yeye ni yupi kabla ya kila mchezo kuanza, bila muziki. Makocha wengi huamua kwenye sekunde 30 za mwanzo.

Akiwa kule kwa viza ya mwanafunzi, awe mwangalifu na pesa za matangazo. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa kutumia majina yao, lakini viza hiyo ina masharti makali ya kazi, na NCAA kuruhusu hakumaanishi uhamiaji wameruhusu. Asitie saini kabla ya kuuliza ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chake.

Tunasikia mpokeaji fulani kapewa dola milioni 140. Je, wote ni matajiri hivyo? – Mhasibu, Upper Hill

La. Hiyo ni Justin Jefferson wa Minnesota Vikings, mwaka 2024: miaka minne, dola milioni 140, zilizohakikishwa zikiwa milioni 110. Namba ya kusoma kwenye mkataba wowote wa NFL ni hiyo ya pili. Pesa ambayo haijahakikishwa ni pesa ambayo timu inaweza kuifuta kwa kumwacha mchezaji.

Anza chini. Kwa msimu wa 2025, mshahara wa chini wa mchezaji mgeni, yaani wa msimu wake wa kwanza, aliye kwenye kikosi cha watu 53 ulikuwa dola 840,000. Kwa dola moja kuwa Sh129, hizo ni kama milioni 108. Ila hazilipwi kwa mwaka. Hugawanywa kwa wiki 18 za msimu, takriban dola 46,667 kwa wiki. Akiachwa baada ya wiki ya tatu na hana dhamana, amepata wiki tatu. Mchezaji wa kikosi cha mazoezi, kile chenye nafasi 16 na moja ya ziada kwa mchezaji wa kimataifa, alilipwa si chini ya dola 13,000 kwa wiki, yaani 234,000 akimaliza msimu wote. Wengi hawamalizi wote na timu moja.

Sasa toa. Kodi ya serikali kuu hufika asilimia 37 kwa ngazi ya juu. Juu yake kuna kodi za majimbo, na mchezaji hulipa pia kule anakokwenda kucheza ugenini. California hutoza zaidi ya asilimia 13 kwa ngazi ya juu. Texas na Florida hazitozi kodi ya mapato kabisa. Toa asilimia hadi 3 ya wakala, ada ya chama, na mkufunzi wa miezi ambayo hakuna ligi. Katika jimbo la kodi kubwa, karibu nusu inabaki.

Halafu muda. Chama cha wachezaji kwa miaka mingi kimetaja wastani wa miaka 3.3 ya kucheza. Mkataba wa aliyechaguliwa kwenye drafti ni wa miaka minne, kwa hiyo wengi huondoka kabla ya kuufikia mkataba wa pili, ambao ndio wenye pesa kubwa. Pensheni inahitaji misimu mitatu iliyotambuliwa. Ndiyo maana ukimwona mpokeaji wa nne anang'ang'ania kucheza na kidole kilichofungwa plasta mwezi Desemba wa mwaka wake wa tatu, elewa anahesabu nini.

Na nafasi kwenye drafti siyo hukumu. Puka Nacua alichaguliwa wa 177 mwaka 2023 na akadaka mipira 105 kwa yadi 1,486 msimu huohuo, zote mbili rekodi kwa mgeni wakati huo. Antonio Brown alikuwa wa 195 mwaka 2010. Adam Thielen hakuchaguliwa kabisa mwaka 2013. Jerry Rice alitoka chuo kidogo cha Mississippi Valley State, akachaguliwa wa 16 mwaka 1985, akacheza misimu 20 na kuacha rekodi ya mipira 1,549 na yadi 22,895 ambayo hadi leo hakuna aliyeifikia.

Kuna wapokeaji hawadaki mpira hata mmoja mechi nzima, na wiki ijayo wapo tena. Kwa nini hawaachwi? – Shabiki, South B

Kwa sababu kocha huchagua wapokeaji watano au sita kati ya watu 53, na watatu tu ndio hucheza sana. Wa nne hadi wa sita wanalipwa kwa kazi nyingine. Mmoja hukimbia pembeni wakati timu inapiga teke la kuondosha mpira na kumkaba mrudishaji wa upande wa pili kabla hajapiga hatua. Hiyo kazi ni ngumu, huwa anazuiwa na watu wawili. Mwingine hurudisha mateke. Mwingine anajua nafasi zote tatu za upokeaji, ya kwenye mstari, ya nyuma ya mstari na ya ndani, kwa hiyo yeyote akiumia anaingia bila kuuliza. Mwezi Agosti kambi ina watu 90, na mwisho wa mwezi huo 37 huondolewa kwa mara moja. Mgeni anayejua nafasi moja tu na asiyekaba ndiye huwa wa kwanza kwenye orodha.

Ni majeraha gani yanayowamaliza wapokeaji, na sisi huku tuyaepuke vipi? – Mwanafunzi wa tiba ya viungo, Kenyatta

La kwanza kwa wingi ni msuli wa nyuma ya paja, unaochanika mtu akiwa kwenye kasi ya juu na mguu umenyooshwa mbele kupita kiasi. Zoezi lenye ushahidi mzuri ni la Nordic: piga magoti, mwenzako ashike vifundo vya miguu, jishushe mbele polepole kadiri unavyoweza. Anza seti 2 za mara 5 kwa wiki ya kwanza, ongeza taratibu hadi seti 3 za mara 8 au 10. Wanaoanza na 3 za 10 hushindwa kutembea siku mbili na kuacha moja kwa moja. Ongeza mbio za asilimia 90 na zaidi mara moja au mbili kwa wiki, kwa sababu msuli usiozoea kasi huchanika kwenye kasi.

Kano ya ndani ya goti, ACL, humweka mtu nje miezi tisa au zaidi baada ya upasuaji. Mara nyingi hukatika bila kuguswa na mtu, mguu ukiwa umekwama na mwili unageuka. Njumu ndefu kwenye udongo mkavu zinaukwamisha mguu. Januari na Februari tumieni njumu fupi nyingi.

Lisilopewa uzito ni kidole. Mpira ukigonga ncha na kiungo cha mwisho kikabaki kimeinama, usiseme kimeteguka tu. Kano imeachia. Kinyooshwe kwa kibanzi na kibaki hivyo usiku na mchana kwa wiki 6 hadi 8. Kikikunjwa hata mara moja wakati wa kuoga, hesabu inaanza upya. Kipigwe eksirei kwanza, maana wakati mwingine kipande cha mfupa kimetoka nacho.

Na akigongwa kichwa akawa na kizunguzungu, mechi imekwisha kwake siku hiyo. NFL ina hatua tano za kumrudisha, na daktari asiye wa timu ndiye hutia saini ya mwisho.

Mechi zinaanza saa ngapi hapa kwetu, na mtu amtazame vipi mpokeaji wakati kamera inafuata mpira? – Familia, Umoja

Mechi za mchana za Jumapili huanza saa mbili usiku hadi Marekani ibadilishe saa mapema Novemba. Baada ya hapo ni saa tatu. Ile ya usiku wao huanza saa tisa na dakika 20 alfajiri ya Jumatatu, na saa kumi na dakika 20 baada ya mabadiliko. Super Bowl ya Februari huanza saa nane na nusu usiku.

Mpokeaji mtazameni kabla mpira haujaondoka. Angalieni beki yuko umbali gani naye: yadi moja, ataanza kwa kusukumana, yadi saba, mtarajie njia fupi. Kisha fuateni marudio yanayopigwa kutoka juu nyuma ya goli, ndiyo huonyesha mkato wote. Anayelipia huduma ya mtandaoni ya ligi hupata pia picha pana yenye wachezaji wote 22. Chagueni mpokeaji mmoja na mfuateni yeye peke yake kwa robo nzima, hasa kwenye jaribio la tatu, na kwenye mechi ambayo hajarushiwa mpira.